Kitambaa Kimoja kwa Ng'ombe Watatu

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ameondoka alfajiri. Binti yetu mkubwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama mtu ameenda kumlea mzazi kwa siku kumi na moja. Kwa hiyo mimi sasa ni babu. Nilidhani babu huambiwa apumzike. Nimeachiwa ng'ombe watatu na karatasi.

Karatasi imepigiliwa kwenye mlango wa banda kwa misumari minne. Ina amri tisa. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe. Kila ng'ombe na kitambaa chake cha kufutia kiwele. Vitambaa vichemshwe, vianikwe juani. Maziwa ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi, yatazamwe kama yana mabonge. Chuchu zichovywe kwenye dawa baada ya kukamua. Na kadhalika, hadi macho yanauma. Ya mwisho ameipigia mistari miwili chini: Mtumba akamuliwe baada ya wote.

Nieleze, huenda mjukuu akasoma haya siku moja. Ng'ombe wa kwanza ni Shangazi. Mke wangu alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama asiye na mama, akamlaza jikoni kwetu msimu mzima wa mvua. Maziwa yake ndiyo yaliyowasomesha binti zetu. Anaitwa Shangazi kwa sababu ananitazama kama marehemu shangazi yangu alivyokuwa akinitazama, yaani kama mtu aliyekuja kuomba kitu. Wa pili ni Karani. Anatafuna kutwa na hana haraka na mtu. Wa tatu ni Mtumba. Huyo nimemleta mimi mwezi uliopita, kwa kubadilishana na pikipiki yangu iliyogoma kuwaka. Mwenye ng'ombe alikubali kabla sijamaliza kueleza. Mke wangu akasema mtu anayekubali upesi namna hiyo ana lake jambo, na kwamba Mtumba asichanganywe na wenzake mpaka apimwe. Wivu tu. Hajazoea kuona jambo langu likienda vizuri.

Kuna la zaidi. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, na ndiye anayewafundisha wenzake usafi wa kiwele. Jumamosi ya tarehe 15 wageni thelathini wa kikundi kingine watakuja kujifunza bandani kwetu. Yeye atarudi Ijumaa, siku moja kabla. Akiwa mlangoni na mkoba wake aliniambia nimkabidhi kila kitu kama nilivyokipokea. Halafu akasema, na Shangazi, mume wangu. Hakumalizia.

Nimechoka tayari na bado sijaanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimefuata amri zote tisa, asubuhi na jioni. Mgongo umekufa. Mikono imechubuka kwa sabuni. Vitambaa sita kwa siku vya kuchemsha, kana kwamba nafungua hospitali!

Jioni, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikipuliza moto chini ya sufuria ya vitambaa, nimepata wazo. Ng'ombe wote watatu ni wa nyumba moja. Wanakula hori moja, wanakunywa hodhi moja, wanalala banda moja. Mbona kwenye kitambaa ndipo wawe wageni? Kitambaa kimoja, maji ya moto, nasuuza kidogo katikati. Basi! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache juu ya masikio lakini bado zinafanya kazi.

Tena Mtumba anafungwa karibu na mlango. Kumruka ili uende ndani kwa Shangazi, halafu urudi kwake, ni hatua kumi na mbili za bure. Nitaanza naye. Mke wangu ni mtu mwema lakini hajawahi kuhesabu hatua.

Alhamisi, 6 Juni

Utaratibu wangu unaenda vizuri sana. Kazi ya saa moja na nusu naimaliza kwa dakika arobaini. Mtumba, Karani, Shangazi, kwisha. Ile dawa ya kuchovya chuchu nimeipumzisha, inanuka na inachafua mikono. Karatasi ya amri nimeifunika kwa koti langu. Ilikuwa ikinitazama.

Baada ya chakula cha mchana nililala hadi saa kumi. Nikaamshwa na shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anaishi ng'ambo ya ua wa michongoma, ana ng'ombe wanne na mabuti meupe ya mpira. Meupe! Bandani! Na hayachafuki. Sijui anayapangusa saa ngapi. Nahisi anaelea. Akachungulia juu ya ua, akauliza shikamoo shem, mbona kwenye kamba naona kitambaa kimoja tu. Nikamwambia vingine vimekauka, nimeshavikunja. Akasema aa, vizuri. Ile aa yake haikunipendeza. Ni aa ya mtu anayekwenda kupiga simu.

Kweli mke wangu akapiga baada ya saa moja. Aliuliza hali ya Shangazi, kisha ya Karani, kisha kama mvua imenyesha. Mimi nilifikiwa mwishoni, baada ya mvua.

Jumamosi, 8 Juni

Msiba.

Asubuhi Shangazi amenipiga teke. Katika miaka kumi na mmoja hajawahi kumpiga mtu teke. Nilipomgusa tena akapiga ndoo. Kiwele upande wa nyuma kushoto kimevimba, kigumu, kina joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Nikakamua kidogo kiganjani. Maji maji ya manjano na mabonge.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikajiambia ni baridi. Nikajiambia amelala vibaya. Kisha nikayachuja yale maziwa kwa chujio la chai, yakaonekana kama maziwa, nikayamimina kwenye kopo kubwa pamoja na mengine nikaenda nayo kituo cha maziwa.

Mpokeaji wa maziwa ni mwanamke mpole asiye na huruma hata chembe. Alichota kidogo, akatia ile dawa yake ya kupimia inayofanana na sabuni ya maji, akazungusha kisahani. Maziwa yakagandamana yakawa kama makamasi ya mtoto. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Nikasema kwa sauti kwamba dawa hiyo itakuwa imepita muda wake. Akachota maziwa ya mtu aliyekuwa nyuma yangu, akatia dawa ileile, akazungusha. Yakabaki maziwa. Aliyekuwa nyuma yangu ni shemeji.

Nimemwaga kopo zima shimoni mbele ya watu. Shemeji alinisaidia kulishika upande mmoja. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumapili, 9 Juni

Sitamwita daktari wa mifugo. Ni mwanachama wa kikundi cha mke wangu, tena alisoma darasa moja na binti yetu mdogo. Nikimwambia yeye, nimemwambia mke wangu. Hili litatibiwa kimyakimya na litakwisha kabla ya Ijumaa.

Tiba ya kwanza: dawa ya meno ya mnanaa. Inapoza kinywa, kwa nini isipoze kiwele? Nimepaka bomba zima. Shangazi amenukia vizuri. Uvimbe haukusikia.

Tiba ya pili: nimepekua sanduku la dawa la mke wangu. Nimekuta bomba moja la dawa ya kutia ndani ya chuchu. Moja tu! Nikatia nusu kwenye chuchu inayoumwa. Halafu nikafikiri, kinga ni bora kuliko tiba. Mke wangu mwenyewe husema hivyo kila mkutano. Kwa hiyo ile nusu iliyobaki, kwa bomba lilelile, ncha ileile, nikaitia kwenye chuchu ya jirani ambayo ilikuwa nzima. Nimejisikia mtaalamu. Nimelala mchana kwa amani.

Jumatatu, 10 Juni

Sasa ni chuchu mbili.

Saa nne asubuhi daktari ametokea bila kuitwa. Anasema alikuwa anapita. Anapita kwenda wapi? Baada ya kwetu kuna ukuta na korongo. Akaamkia shikamoo baba, nikaitika marahaba, na macho yake yalikuwa tayari yamefika kwenye kiwele.

Akapapasa. Akapima joto. Akauliza kwa nini ng'ombe ananukia mnanaa. Nikasema anakula majani mengi. Akauliza kama nimetia dawa yoyote. Nikasema hapana, kwa kuwa dawa ya meno si dawa na ile nyingine ilikuwa nusu nusu.

Kisha akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyeamka sasa hivi. Kwamba ugonjwa wa kiwele huletwa na bakteria, na bakteria hao si ukoo mmoja. Kuna wanaoishi kwenye kinyesi na matope. Hao hurukia chuchu ng'ombe anapolala pachafu. Na kuna wanaoishi ndani ya kiwele cha ng'ombe mwingine, ambaye pengine haonyeshi dalili hata moja. Hao hawana miguu. Husafirishwa na mkono wa mkamuaji na kitambaa chake, ng'ombe hadi ng'ombe. Dawa ya hawa si ya wale. Ni lazima maziwa yaende maabara kabla hajaamua.

Asubuhi hii nilikuwa nimeshakamua, kwa hiyo akaniachia chupa tatu ndogo, moja kwa kila ng'ombe, na pamba yenye spiriti. Kesho kabla ya kukamua nioshe mikono, nifute ncha ya chuchu, nimwage mikamuo ya mwanzo, nikinge, nifunike, nisiguse ndani ya kifuniko. Atapita kuzichukua. Akamchoma Shangazi sindano ya maumivu. Alipokuwa anaondoka akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Binti huyu nilimnunulia pipi alipokuwa na miaka sita.

Jioni nimewaza. Maabara wakikuta bakteria wa matope, ni ajali, ni mvua, ni kazi ya Mungu. Wakikuta wale wa mkono, mkono ni wangu. Hakuna mwingine hapa mwenye mikono.

Na hapo nikakumbuka kwamba mfereji wa shemeji wa kutoa maji ya banda lake unaishia karibu kabisa na ukuta wetu.

Jumanne, 11 Juni

Imefanyika. Nimeamka mapema, nimekinga maziwa ya Shangazi kwenye chupa yake. Kisha nikachovya ncha ya kidole kwenye samadi, na kidole kwenye chupa. Kidogo tu. Nikakoroga kwa njiti. Anayetaka bakteria wa matope, hao hapo!

Ya Karani nimekinga sawasawa. Ya Mtumba nayo nimejaza maziwa ya Karani. Mtumba ni ng'ombe mzuri na jina lake halitachafuliwa maabara na watu wasiomjua. Zaidi ya hayo alikuwa amelala, na mimi si mtu wa kumsumbua aliyelala.

Daktari akazichukua saa moja. Akanisifu kwa kufunika vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Majibu yamekuja! Karani mzima. Mtumba mzima. Biashara yangu ya pikipiki sasa ina cheti cha maabara. Shangazi ana bakteria wa kinyesi, wengi kuliko daktari alivyowahi kuona kwenye chupa moja. Alikuna kichwa. Kisha akaanza kumtibu kwa dawa ya bakteria wa kinyesi.

Nikamwonyesha mfereji wa shemeji. Sikumlaumu mtu. Nilinyoosha kidole tu na kuguna.

Mchana nikasikia jembe. Shemeji alikuwa ng'ambo ya ua, peke yake, anauchimba upya mfereji wote, mita kama hamsini, kuupeleka upande wa pili. Alichimba hadi saa kumi na mbili. Mabuti meupe yalikuwa meusi hadi magotini. Alipomaliza akaja kwenye ua akiwa ameshika kofia mkononi. Akasema shem, naomba radhi, huyo ng'ombe dada yangu anampenda kama mtoto, na mimi namuua kwa uzembe wangu. Akawa anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye matope.

Nimemwambia yamekwisha, binadamu hukosea. Nimesema kwa upole sana. Chakula cha jioni hakikupita vizuri, sijui kwa nini. Labda ni maharagwe.

Shangazi hajala tangu jana. Dawa inaonekana haimfikii.

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu amerudi saa tano. Aliosha mikono kwanza ndipo akanisalimia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Mvua, mfereji, mkosi. Hakuyasubiri. Alikwenda moja kwa moja bandani, akapiga goti kwenye majani, akaweka shavu lake kwenye ubavu wa Shangazi na mkono chini ya kiwele. Shangazi akageuza kichwa, akamnusa nywele. Walikaa hivyo muda mrefu. Mimi nikawa nafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Kisha akasimama. Akatazama kamba ya nguo, kitambaa kimoja. Akatazama chupa ya dawa ya kuchovya, imejaa hadi shingoni. Akaondoa koti langu mlangoni, akalikunja, akanipa. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini. Ulikuwa unaanza na nani?

Nikasema na aliye karibu.

Hakunifokea. Ningelipa chochote anifokee. Alimpigia daktari, wakamtia Shangazi dawa nyingine kwa kubahatisha, akakinga maziwa upya kwa mkono wake mwenyewe, kila ng'ombe na chupa yake. Mtumba akaamshwa.

Jioni nilimpa wazo la kumwokoa na aibu ya kesho. Tumpeleke Shangazi kwa shemeji, tumfiche nyuma ya nyasi, tuazime ng'ombe mmoja wa shemeji mwenye kiwele kizuri, wageni waje, waone, waende. Akanitazama kama anavyonitazama Shangazi. Akaenda kulala saa moja.

Jumamosi, 15 Juni

Wageni thelathini na wawili. Wote wana madaftari.

Mke wangu alivaa koti lake la kazi, akamtoa Shangazi mbele ya watu wote. Nilidhani amechanganyikiwa. Akasema, ndugu zangu, nilikuwa nimeandaa kuwafundisha jinsi ya kufanya, lakini leo nitawafundisha jinsi ugonjwa unavyoingia katika nyumba inayojiona inajua. Hii ni nyumba yangu. Huyu ni ng'ombe wangu.

Halafu akaniomba nionyeshe. Hatua kwa hatua. Nikaonyesha kwa chuchu za mpira anazofundishia. Nikafuta ya Mtumba, nikasuuza, nikafuta ya Karani, nikasuuza, nikafuta ya Shangazi kwa kitambaa kilekile. Kalamu zikawa zinaenda kasi. Kijana mmoja akaomba nirudie, hakuwa ameona vizuri. Nikarudia.

Mama mmoja mtu mzima akauliza kama huyu mfanyakazi ameshafukuzwa. Mke wangu akasema ni mume wangu. Kalamu zote zikasimama. Yule mama akanisogelea baadaye akaniambia pole. Kisha akaenda kwa mke wangu, akamwambia pole pia, ndefu zaidi.

Mwishoni walimpigia makofi. Walisema hawajawahi kupata somo kama hili. Kwa hiyo ukitazama kwa makini, nimechangia. Nilimwambia hivyo wakati wa kuosha vikombe. Akanisogezea vikombe vingine.

Jumanne, 18 Juni

Majibu ya kweli. Daktari alikuja na karatasi, akakaa sebuleni. Shemeji naye aliitwa, maana ni jambo la ukoo.

Mtumba anao wale wa mkono, chuchu zote nne, pengine kwa miaka, na mwenye naye wa kwanza lazima alijua. Shangazi anao haohao, chuchu mbili. Karani amepona chupuchupu. Bakteria wa kinyesi: hakuna. Hata mmoja.

Daktari akaikunja karatasi. Akasema baba, ile chupa ya kwanza ilikuwa na nini? Nikasema huenda kidole kiliteleza. Akauliza kiliteleza kutoka wapi. Nikatazama dari. Dari yetu inahitaji rangi.

Basi akasema yote, bila ukali. Kwamba bakteria hawa wakipewa siku hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele na kujijengea kuta, na dawa haiwafikii tena. Kwamba Shangazi ni mzee, na kwa umri wake dawa ya siku ya kwanza ingekuwa na nafasi, pengine ya chuchu moja, pengine ya mbili, hawezi kuapa. Lakini tangu Jumanne hadi Ijumaa siku zilipotea kwa kungojea majibu ya uongo na kutibu ugonjwa asiokuwa nao. Sasa kila atakapokamuliwa atakuwa hatari kwa Karani. Kumtenga hakuna pa kumtengea, kiwanja chetu ni banda, nyumba na ukuta. Mtumba aende. Na Shangazi aende.

Mke wangu aliuliza kama ana uhakika. Daktari akasema ana uhakika, mama. Akalia yeye, daktari.

Shemeji alisimama. Akaniambia tu, shem, mimi nilichimba kutwa. Akatoka. Sijamwona kwenye ua tangu saa hiyo.

Ijumaa, 21 Juni

Gari la mchinjaji lilikuja saa mbili.

Mke wangu alikuwa ameamka kabla yangu. Alichemsha kitambaa cha Shangazi, akakikamua, akamfuta kiwele taratibu, chuchu moja moja, zile nzima na zile zilizokufa. Akazichovya kwenye dawa. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue na ng'ombe anayekwenda kuchinjwa. Akasema anastahili kuondoka msafi.

Mtumba alipanda gari bila matata, amezoea kubadilishwa. Shangazi alikataa. Watu wawili walivuta kamba, mmoja akasukuma. Mke wangu akawaambia waache, akapanda yeye kwanza, akamwita kwa ule mlio wa ulimi aliokuwa akimwitia akiwa ndama jikoni. Shangazi akapanda. Kisha mke wangu akashuka upande wa pili, na wakafunga mlango.

Niliona aibu. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu mdomoni lilikataa kutoka. Nilisimama getini hadi vumbi likatulia, nikamwambia mke wangu pole. Akasema asante, kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njiani.

Jumatatu, 24 Juni

Hajaamka tena alfajiri. Ni siku ya tatu. Miaka thelathini sijawahi kumkuta mke wangu kitandani jua likiwa juu. Analala anatazama ukutani. Chai niliyompelekea jana ilipoa ikatanda utando.

Jana jioni alikaa kidogo, akanipa karatasi mpya. Ina mistari na visanduku. Daktari anataka Karani apimwe kila asubuhi kwa siku zote za mwezi zilizosalia, chuchu zote nne, kwa kile kisahani na ile dawa ya kuganda. Kila sanduku linaandikwa safi au si safi. Ugonjwa ukijitokeza, sasa unawahiwa siku hiyohiyo na unatibika. Ukipita siku mbili tatu, ndiyo basi tena. Alinishika mkono aliponipa. Akasema amebaki huyu mmoja, mume wangu, nakuomba. Machozi yalinilenga. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, mimi ni mtu mpya.

Leo nimeanza. Nimepima chuchu zote nne, polepole, kwa mikono iliyooshwa. Zote safi. Nusu saa nzima imepotea kwenye kisahani, na muda wote huo mke wangu yuko chumbani peke yake na mawazo yake. Mtu mwenye huzuni haachwi peke yake. Hilo hata mtoto anajua.

Na Karani hana kitu. Ng'ombe aliye safi Jumatatu atachafuka Jumanne kwa sababu gani?

Kwa hiyo nimekaa kwenye kigoda nikaijaza yote. Leo hadi Jumapili, tarehe 30, visanduku ishirini na vinane. Nimebadilisha kalamu mara mbili ili isionekane ni siku moja. Safi, safi, safi, safi. Imependeza kweli. Kesho alfajiri sitakwenda bandani mapema, nitakaa naye tunywe chai ikiwa bado ya moto.